Usia Ambao Gelasius Hakuutoa

Habari kwamba marehemu mume wake aliacha usia wa kisiasa ilimfikia Mwalimu Specioza ikiwa imekwisha kuzunguka kata nzima ya Kasansa. Aliyemletea ni jirani yake Pelagia, ambaye alikuja kuazima ungo na akakaa kwenye mkeka kana kwamba ungo wenyewe unapikwa.

"Mwalimu, kumbe mzee aliacha neno."

"Neno gani?"

"Kwamba kiti cha kata apewe shemeji yako Maximilian. Watu wote wanasema. Eti alilisema siku ya mazishi."

"Siku ya mazishi alikuwa amekufa, Pelagia."

"Ndiyo maana na mimi nikashangaa," alisema Pelagia, na hakuonekana kuwa ameshangaa hata kidogo.

Ilikuwa mwaka tisini na saba, na chama kilikuwa kinachagua viongozi wake upya, kuanzia mashinani kwenda juu. Kiti cha mwenyekiti wa kata kilikuwa wazi tangu Gelasius alipofariki mwaka uliotangulia. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Salvatori, mkulima mkimya aliyesema mambo machache na kuyarudia, mtu ambaye hata wapambe wake walisahau kumsifu. Wa pili alikuwa Maximilian, mdogo wake Gelasius.

Specioza alikuwa amesoma kwa masista mpaka darasa la nane, wakati wasichana wenzake wa Mpimbwe wakiozwa, kisha akaenda chuo cha ualimu. Alifundisha Kasansa hadi alipostaafu. Nusu ya watu waliokuwa wakieneza ule uvumi yeye ndiye aliyewafundisha kusoma, na aliona kwamba kazi yake ilikuwa imeharibika mikononi mwao: hawakusoma chochote, ila kila walichokisikia walikiamini kama kimeandikwa. Watoto wake hawakuwahi kula kwa jirani bila kuitwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kwenda kisimani bila kuchana nywele. Watu walisema ana maringo, naye hakuona sababu ya kuwabishia, maana safari hii walikuwa wamesema kweli.

Maringo yake makubwa yalikuwa Gelasius. Miaka ile ya shida, sukari ilipokuja kwa mgawo na kupitia ofisi ya chama, nyumba ya mwenyekiti ilikunywa uji bila sukari kama nyumba nyingine zote. Maximilian alipokuja saa zisizofaa kuomba afikiriwe kabla ya wengine, kaka yake alimwonyesha mwisho wa foleni kwa kidole, mbele za watu. Jina hilo ndilo alilomwachia mkewe. Na sasa ilisemwa kwamba mtu huyohuyo alirithisha kiti cha watu kwa ndugu yake, kama mtu anavyorithisha jembe.

Hakuhitaji kufikiri sana ili kujua uvumi ulikotoka. Ulitoka kwa Malale.

Malale alikuwa Msukuma aliyeshuka kutoka kaskazini na ng'ombe zake, akafanya makazi nje kidogo ya kijiji. Alikuwa mtani wa Gelasius, kwa utani wa makabila yao, na siku ya mazishi alifanya kazi ya mtani. Waombolezaji wakiwa wamekaa, alitoka ndani ya nyumba amevaa koti la marehemu na miwani yake, akitembea kwa kuvuta mguu wa kushoto vilevile, akakaa kwenye kiti chake na kukohoa mara moja kama alivyokohoa kabla ya kufungua kikao. Kisha akawatangazia wajumbe kwamba anasafiri, na kwamba kiti anamwachia Maximilian. Watu walicheka huku wanalia. Specioza naye alicheka, tena kwa sauti, jambo ambalo wifi zake hawakulisahau.

Lakini maneno ya Malale hayakuishia pale. Yalikuwa na mkia, na mkia ndio uliowachekesha watu. Uvumi ulikuwa umekata mkia ule na kuutupa. Wajumbe wa vijiji vya mbali, ambao hawakuwepo msibani, walipokea kipande kilichobaki wakakiheshimu.

Alimfuata Maximilian nyumbani kwake. Alimkuta barazani amevaa suti yake ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri. Shamba lake la mpunga lilionekana kutoka pale, nalo lilikuwa na magugu yaliyokomaa kuliko mpunga.

"Shemeji, umesikia yanayosemwa," alisema Specioza.

"Nimesikia. Sikuyasema mimi. Watu ndio wanaosema."

"Na wakikuuliza?"

"Wakiniuliza nanyamaza. Siwezi kumkana marehemu kaka yangu."

"Alipokuambia ulime ulimkana vizuri tu."

Maximilian alitabasamu. Alikuwa na meno mazuri, na tangu utoto aliyatumia pale ambapo wengine walitumia kazi. "Shemeji, wewe ni msomi, nikueleze nini? Kura ni mambo ya watu kusemasema. Wanasema pia Salvatori analala na hirizi chini ya mto. Wanasema ana mke wa pili huko Magamba. Mimi wamenisemea jambo zuri, niwakemee? Na wewe ukisimama mbele za wageni ukasema mdogo wa mumeo ni mwongo, nani atakuwa amevuliwa nguo? Ni ukoo. Ni wanao."

Hilo lilikuwa la kweli, na Specioza aliudhika kulisikia likitoka kinywani mle. Akinyamaza, Gelasius angebaki kuwa mtu aliyegawa kiti cha umma kwa ndugu. Akisema, ukoo wa Gelasius ungekuwa kichekesho cha kata, na mchekeshaji angekuwa yeye. Alirudi nyumbani akapepeta mchele uliokuwa umeshapepetwa.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Malale. Hakupenda kwenda kule. Kulikuwa na mavi ya ng'ombe tangu njiani, naye alivaa viatu vyake vya kanisani kwa sababu hakutaka kuonekana amejiandaa kukanyaga mavi. Malale alimkaribisha kwa kigoda na maziwa.

"Mtumwa wangu amekuja mwenyewe leo," alisema. "Au mmeishiwa samaki huko, nyie wala panya?"

"Malale, sikuja kwa utani. Nataka ukawaambie watu kwamba yale uliyoyasema msibani yalikuwa utani."

Malale aliacha kucheka. "Hilo siliwezi, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Mtani haelezi. Nikisimama nikasema jamani nilitania tu, maana yake nimeomba radhi. Nikiomba radhi, maana yake nilimtukana maiti. Basi utani umekwisha hapo, na nitatakiwa kulipa mbuzi, na nikifa mimi nani wa kwenu atakuja kunichezea? Nitazikwa kimya kama mwizi."

"Kwa hiyo jina la mume wangu liharibike ili wewe uzikwe kwa kelele."

"Sikusema hivyo. Kueleza ndiko nisikoweza." Alimpa mtoto kibuyu akirudishe ndani, akafikiri. "Kurudia naweza. Mwenye msiba akiniita akasema, mtani, mlete tena, namleta. Popote. Lakini awe ndiye mwenye msiba, na aniite mbele za watu. Nisijipeleke."

Specioza alielewa alichokuwa anaambiwa. Alitakiwa amfufue mume wake kwenye mkutano wa chama, mbele ya msimamizi aliyetoka Mpanda, aigizwe mwendo na kikohozi. Aliaga bila kumaliza maziwa.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule aliyofundisha. Specioza alikuwa mjumbe kupitia umoja wa wanawake. Malale alikuwa mjumbe wa tawi lake, amekaa nyuma na fimbo yake kati ya magoti. Salvatori alijieleza kwanza. Alisema atashughulikia mfereji wa maji mashambani, kisha akasema tena atashughulikia mfereji. Maximilian alisimama akazungumza juu ya umoja, juu ya damu, na juu ya taa ambayo haipaswi kuzimika. Alipofika kwenye marehemu aliinamisha kichwa, na mzee mmoja wa kijiji cha mbali akaitikia kwa kichwa kama kanisani.

Msimamizi aliuliza kama kuna maswali. Specioza alinyoosha mkono, kwa namna ileile aliyowafundisha wengi wao kunyoosha.

"Ndugu mgombea," alisema, "inasemekana mwenyekiti aliyetangulia alikuachia kiti. Mimi ni mjane wake, ningependa kujua. Alikuambia lini?"

Maximilian alitazama dirishani. "Mambo ya kifamilia, shemeji, si ya hapa."

"Kiti ni cha hapa. Alikuambia lini?"

"Watu walisikia. Siku ya msiba walisikia."

Minong'ono ilianza. Wale waliokuwepo msibani walitazamana, na wale ambao hawakuwepo walitazama wale waliotazamana. Specioza aligeuka akatazama nyuma ya darasa.

"Mtani," alisema. "Mlete tena. Na ufike mwisho."

Malale aliinuka taratibu. Safari hii hakuwa na koti wala miwani. Alivuta mguu wa kushoto mpaka mbele, akasimama karibu na ubao, akakohoa. Specioza alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kikohozi. Alishika ukingo wa dawati.

"Ndugu wajumbe," alisema Gelasius kwa kinywa cha Malale, "mimi naondoka. Kiti changu namwachia mdogo wangu Maximilian. Jembe halimjui, mpunga haumjui, ng'ombe wakimwona wanadhani ni mgeni wa serikali. Akikosa na kiti, mtamlisha nyie?"

Darasa lilicheka mpaka msimamizi akagonga meza, naye akiwa anacheka. Maximilian alibaki amesimama. Alijaribu kutabasamu, akaacha. Specioza hakucheka mara hii. Alikuwa ameona mume wake akitumika, kwanza na mdogo wake na sasa na yeye mwenyewe, na tofauti ya matumizi hayo mawili ilimbidi aitafute kwa makini.

Salvatori alishinda kwa kura nyingi. Aliposhukuru, alitaja mfereji.

Jumapili iliyofuata wazee wa ukoo walimwita. Baba mdogo wa Gelasius, mzee Eustace, alisema kwa upole kwamba mke wa ukoo ameufanya ukoo uchekwe, na kwamba angemwomba radhi Maximilian jambo lingekwisha.

"Nitamwomba radhi kwa kuwa alichekwa," alisema Specioza. "Kwa kuwa aliulizwa, siombi."

"Ndicho hicho tu unachotoa?"

"Ndicho nilicho nacho, baba."

Maximilian hakuipokea nusu ile. Tangu siku hiyo hakukanyaga ua wa kaka yake, na Pasaka wifi zake walikaa benchi jingine kanisani. Specioza alikaa peke yake kwenye benchi la familia, amenyooka, akiimba beti zote bila kufungua kitabu. Aliyemtazama kwa karibu angeona kwamba aliacha nafasi upande wake wa kulia, pana ya kutosha watu watatu, na hakumruhusu mtu mwingine yeyote kuikalia.

Siku moja Pelagia alikuja tena, mara hii kurudisha ungo.

"Mwalimu, huko Ilembo mjini wanasema mzee alikuja."

"Mzee gani?"

"Mzee wako. Wanasema aliingia kwenye mkutano, watu wakamsikia kabisa, akazungumza, akatoka. Mwanangu amelisikia sokoni."

Specioza aliupokea ungo, akaukagua pembezoni kama umetoboka. Alitaka kumwambia Pelagia, ambaye siku ya mkutano alikuwa amekaa dirishani mwa darasa lile na kuona kila kitu kwa macho yake, kwamba anajua kilichotokea. Akaona ni kupoteza chaki.

"Na wanasema alimpigia nani kura?" aliuliza.

Pelagia alishangaa swali. "Hakupiga. Angepigaje, Mwalimu? Hakuwa mjumbe tena."

Hapo Specioza aliona kwamba safari hii hata uvumi ulikuwa umemwacha Gelasius mwaminifu, akamwambia jirani yake aingie ndani, uji ulikuwa tayari.