Troli ya Unga Niliyobebea Maji

Nilikosa. Sina njia nyingine ya kuisema, na sitaki mnionee huruma.

Mimi ni supavaiza kwa bekari moja hapa Kitengela. Ukiniona kazini hutajua kuna kitu. Nakula, nalala, wakicheka nacheka. Ndani sisikii chochote, ni kama mguu umekufa ganzi.

Tulikuwa na troli moja ya kutoa magunia ya unga stoo hadi kwa mashine ya kukanda. Sasa kwa ploti ninayopanga maji ikipotea, inapotea kweli. Jumamosi moja nikachukua hiyo troli bila kuuliza mtu, nikaenda nayo kisimani na mitungi yangu. Barabara ya mawe ikavunja gurudumu.

Jumatatu nikaambia watu wangu iko kwa fundi, wabebe na mgongo kidogo tu. Kumbe iko nyuma ya nyumba yangu, nimeifunika na turubai. Niliogopa kufutwa kazi, basi.

Lekishon, baba ya watoto wawili, ndiye alikuwa stoo. Akaniuliza, "Madam, hiyo troli inarudi lini? Mgongo inaniuma. Ama unipee mtu tushikane."

Nikamcheka mbele ya wenzake. "Wewe ni moran wa wapi, unashindwa na unga?"

Wote wakacheka. Yeye pia akacheka, akainama, akajitwika gunia peke yake. Moran ni shujaa wa Kimaasai; ukishaambia mwanaume wao hivyo mbele ya watu, haombi msaada tena. Hiyo nilijua vizuri.

Wiki hiyo hiyo alianguka na gunia. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Madam, miguu siisikii."

Siku hizi anatembea na fimbo, pole pole. Kazi ya kubeba imeisha. Mke wake anafulia watu nguo. Nikienda kuwaona Isinya ananipikia chai, ananishukuru kwa vile nilimkimbiza bwana yake hospitali. Na mimi nakunywa hiyo chai.

Bekari ilinunua troli nyingine, na gunia sasa linashikwa na watu wawili. Mimi ndiye nafundisha wafanyakazi wapya kuinua: kunja magoti, mgongo uwe wima, mzigo karibu na kifua. Wanasema niko mkali.

Wewe uliye juu ya watu, mtu akikuambia mgongo unauma, usimfanyie mzaha. Mwondolee mzigo hapo hapo. Na kama umeharibu kitu, sema mapema, ukifutwa ufutwe.

Mimi nimewaambia nyinyi msionijua. Lekishon bado analaumu fundi kwa kuchelewesha troli.