Shangazi Aliyekuwa Garini

Balbir Kaur alifika Abbotsford akiwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti, na hakuna aliyemtarajia makuu. Mumewe alikuwa amekufa kwa kupindukiwa na trekta kule kwao India, karibu na Jalandhar, na mtoto hawakujaliwa. Mdogo wake Mohinder, fundi wa kujenga nyumba za mbao, ndiye aliyemwita Kanada akampa vyumba viwili vya chini ya nyumba yake. "Dada, hapa ni kwako," alimwambia, na alimaanisha. Hata hivyo Balbir alikuwa mwangalifu. Alikula baada ya wengine kupakua, na neno lake alilionja mara mbili kabla ya kulitoa.

Msimu wa bluberi ukifika alikuwa kiwandani na akina mama wenzake wa Kipunjabi, wakichambua matunda kwenye mkanda unaotembea, huku ndimi zao zikichambua ndoa za watu. Msimu ukiisha alikuwa mlezi wa Harnoor, binti pekee wa Mohinder, ambaye kila mtu alimwita Noor. Mama yake, Paramjit, alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee na zamu zake hazikuwa na huruma. Kwa hiyo shangazi ndiye aliyemsuka, aliyemlisha, na aliyempiga kofi la mgongoni aliposakamwa na kipande cha embe.

Noor alikuwa na miaka saba alipoanza kucheza magongo barabarani na watoto wa majirani. Alasiri moja alirudi na gongo la kuazima, akaingia gereji akawa anapigapiga mpira wa tenisi ukutani. Balbir akapita na kapu la nguo. Akasimama kumtazama.

"Unashika kama unafagia," akasema.

"Sasa nishike vipi?"

Balbir akaweka kapu chini, akachukua gongo, akainama kidogo magoti. Mpira ukawa kama umefungwa uzi. Akauzungusha kwenye ndoo za rangi, akaupitisha katikati ya matairi, halafu akaupiga. Ukagonga mlango wa friza, mlango ukabonyea.

Noor alibaki mdomo wazi. "Shangazi! Ulijifunza wapi?"

"Usimwambie baba yako kuhusu friza," Balbir akasema, akachukua nguo zake akaondoka.

Kanada nzima hakuna aliyejua kwamba alipokuwa shule alicheza mpira wa magongo, ule wa nyasini, winga wa kulia. Hakuwa ameficha, hakuna aliyewahi kumwuliza. Mohinder wakati ule alikuwa kitoto tu.

Noor alipoomba kuingia timu ya magongo ya barafuni, baba yake alikataa akiwa bado anatafuna. "Mtoto wa kike! Akivunjwa meno nani atamwoa?"

"Mimi uliniona na meno yamepandana na ukanioa," Paramjit akamjibu. "Mwache ajaribu msimu mmoja. Nani atampeleka, ndiyo shida."

"Nitampeleka mimi," Balbir akasema.

Wote wakamgeukia. "Wifi, hujui kuendesha gari."

"Nitajifunza."

Na alijifunza. Mwalimu wake wa udereva alisema hajawahi kuona mwanafunzi anayeshika usukani kama anayemkaba mwizi, lakini leseni aliipata. Asubuhi za baridi, kabla hakujapambazuka vizuri, alimpeleka Noor uwanjani, akamfunga kamba za viatu vya barafu kwa nguvu za mtu aliyezoea kufunga ng'ombe, kisha akaketi kwenye viti vya mbele na chupa yake ya chai ya iliki na parata, chapati zilizojazwa viazi, kwenye karatasi ya aluminiamu. Suruali yake pana ya shalwari ilichungulia chini ya koti, na mtandio ulifunika kichwa. Noor akifanya vizuri alipiga makofi. Akifanya vibaya alisema peke yake, kwa Kipunjabi, maneno ambayo heri wazungu hawakuyaelewa.

Siku moja Noor alimkumba msichana wa timu pinzani wakagongana na ukuta, yule msichana akakaa chini. Baba wa yule msichana akasimama na kupiga kelele, "Mrudisheni huyo shambani kwa bluberi!"

Kiingereza cha Balbir kilikuwa kidogo, ila neno bluberi alilijua. Akageuka, akamtazama yule bwana kuanzia kichwani hadi tumboni. "Njoo Julai," akamwambia kwa Kiingereza chake kile kile. "Tunatafuta watu. Mwili unao."

Watu wakacheka, hata mke wa yule bwana. Balbir aliona amemaliza kazi. Hakuona kwamba Noor, kule barafuni, alikuwa ameinamisha kichwa.

Miaka ikaenda. Noor akawa mrefu, akawa beki wa kutisha, na alipofika miaka kumi na mitano akachukuliwa na timu kubwa zaidi ya wasichana katika mji wa jirani. Huko hakukuwa na Mpunjabi mwingine. Wiki ya kwanza, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, msichana mmoja aliufungua mfuko wa Noor, akakuta parata, akashika pua, na wenzake wakacheka. Noor naye akacheka, maana angefanya nini?

Jioni ile akamwambia shangazi asimfungie tena parata. Balbir akasema sawa. Mechi iliyofuata, walipokuwa wanaegesha, Noor akawa hashuki.

"Shangazi, hivi... unaweza kunisubiri humu humu?"

"Humu garini?"

"Ndani kuna baridi sana."

Balbir akamtazama. Mtoto alikuwa ameangalia dirishani, masikio yamemwiva. Balbir alizifahamu baridi zote mbili, ya ndani na ya nje, na alijua ipi ni kali zaidi.

"Haya," akasema. "Nenda. Cheza chini, usinyanyue gongo."

Akakaa garini msimu wote ule, blanketi magotini. Alijifunza kusikiliza. Goli likiingia king'ora kililia, lakini hakikusema ni la nani, kwa hiyo alisubiri kelele zitakazofuata. Mechi ikiisha alizisoma nyuso za watu waliotoka. Mohinder akiuliza mezani, "Ilikuwaje leo, dada?" Balbir alimsimulia mechi yote, ya kutunga kuanzia mwanzo mpaka mwisho. "Winga wao mmoja ana mbio kama ana madeni. Lakini Noor alimfungia njia, akatafuta pa kupita hakupaona!" Mohinder akacheka na kupiga meza. Noor aliinamia bakuli la dengu na hakunyanyua macho.

Alitaka kumwambia shangazi arudi ndani. Alitaka kila wiki. Kila wiki ilipita, na neno likazidi kuwa gumu.

Februari, kwenye mechi ya ugenini, Noor aliufuata mpira kwenye kona. Mpira wenyewe ni kile kisahani cheusi kinachotelezeshwa barafuni. Mchezaji mkubwa akaja kwa nyuma akambana ukutani. Mlio wa mfupa wa bega ulisikika hadi benchi. Akaanguka na hakuinuka.

Kocha wao, mwanamke aliyeitwa Dana, akapiga magoti kando yake, kisha akageukia watu. "Mzazi wake yuko wapi? Nani amekuja naye?"

Watu wakaangaliana.

"Shangazi yangu," Noor akasema kwa shida. "Yuko garini."

"Garini? Anafanya nini garini?"

"Mimi ndiye nilimwambia akae." Hapo ndipo alipoanza kulia, na Dana akaelewa kwamba kilio hicho si cha bega.

Mama wa mchezaji mmoja akakimbia nje. Alimkuta Balbir ndani ya vioo vilivyojaa ukungu, akipuliza chai. Hakumaliza kueleza. Balbir aliingia ule ukumbi mbio, akapita mlango wa wachezaji, akakanyaga barafu kwa viatu vyake vya kawaida, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Mara ya tatu hakujisumbua kusimama. Akaenda kwa magoti na viganja, mtandio ukiburuzika nyuma yake, mbele ya watu wote, mpaka akamfikia.

"Nipo," akasema.

"Shangazi, nisamehe."

"Nyamaza. Usitikise bega."

Mohinder alipopata habari alisema basi, magongo yamekwisha. Alilisema hospitali, akalirudia nyumbani, mkono wa binti ukiwa umefungwa kifuani. "Wamemvunja! Amepata alichokuwa anakitafuta. Sasa vitabu."

Balbir, ambaye katika nyumba ile hakuwahi kupandisha sauti, akaweka glasi yake chini.

"Mohinder, unakumbuka ulipougua tetekuwanga?"

"Tetekuwanga inaingiaje hapa?"

"Mwaka ule nilichaguliwa timu ya mkoa. Winga wa kulia. Mwalimu alikuja mwenyewe kwa baiskeli kumwomba baba. Baba alimpa chai, akamwambia nimeshachumbiwa. Gongo langu akampa mchungaji awe anaswagia nyati wa maziwa. Nilikuwa nalikuta zizini kila asubuhi, limejaa mavi. Nikikamua nalitazama."

Mohinder alimkodolea macho. "Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ulikuwa na miaka sita. Ungefanya nini?"

"Sasa nina karibu hamsini!"

"Ndiyo maana nakuambia sasa. Mfupa utaunga. Huyu usimwondoe wewe. Akitaka kuacha, aache mwenyewe."

Mohinder akatoka nje akakaa kwenye ngazi na koti halijafungwa. Aliporudi alimwuliza Noor jambo moja tu: daktari amesema bega litapona lini.

Lilipona kiangazi. Msimu mpya ulipofunguliwa, Balbir alipoegesha gari Noor akashuka, akazunguka akafungua mlango wa shangazi yake. Balbir akachukua chupa ya chai, wakaingia pamoja. Yule msichana wa kushika pua alikuwepo, na kabla ya Krismasi ndiye aliyekuwa anamaliza parata.

Noor akapata nafasi chuoni kwa ajili ya magongo, upande wa Marekani, na alipomaliza akasajiliwa na timu ya kulipwa ya wanawake huko Toronto. Kiwandani habari ilifika kabla Balbir hajavaa aproni. "Yaani analipwa kwa kusukuma watu?" Surjit, jirani yake kwenye mkanda, akauliza. "Mimi mama mkwe wangu nimemsukuma miaka ishirini bure!"

Timu ya Noor ilipokuja kucheza Vancouver, gurdwara, hekalu lao la Kisikh, ilikodi basi. Akina mama wa kiwandani wakapanda na vyungu vya wali wa njegere ambavyo walinzi wa uwanja walivikataa, kwa hiyo wakala mlangoni, wamesimama, wakiwagawia na walinzi. Noor alikuwa amempigia shangazi simu asubuhi. "Viti vya mbele kabisa. Nisipokuona nakuja kukutafuta na viatu vya barafu."

Kiti cha kushoto kwa Balbir alikaa bibi wa Kikorea, mdogo wa umbo, amevaa fulana ya Vancouver iliyomfika magotini. Kipa wa Vancouver, Soyeon Bae, alikuwa mjukuu wake. Walielewana kwa vidole: yule wangu, yule wangu. Bibi akatoa machungwa yaliyomenywa. Balbir akatoa gajak, peremende ya ufuta, aliyoipitisha kwa walinzi ndani ya soksi.

Mechi ilikuwa ngumu. Noor alitolewa dakika mbili kwa kumtega mtu, na Balbir akamweleza mwamuzi kwa Kipunjabi kuhusu macho yake na ya baba yake. Kipindi cha mwisho Noor alinyang'anya mpira katikati, akaukimbiza, akabaki na kipa peke yake. Bibi akashika mkono wa Balbir. Balbir akashika wa bibi. Noor akapiga juu, kulia, pazuri mno, na Soyeon akaruka akaudaka kwa glavu. Uwanja ulilipuka. Bibi alikuwa amesimama anapiga kelele, na Balbir alishtuka kujikuta naye amesimama anapiga kelele vile vile, huku wameshikana.

"Wifi!" Paramjit akamvuta. "Unamshangilia nani?"

"Sijui," Balbir akasema. "Wote."

Toronto walifungwa kwa goli moja. Baadaye wasichana wadogo walijipanga kwenye kioo kinachozunguka uwanja, wenye mikia miwili ya nywele, wenye mitandio, Wachina, Wafilipino, Wapunjabi, wengine wameandika jina la Noor kwenye maboksi ya pizza, wengine la Soyeon. Noor aliwasainia wote, jasho linamtiririka, kisha akamfuata shangazi yake akamkumbatia juu ya ukuta mdogo.

"Mpaka leo ninanyanyua gongo juu, eh?"

"Umenyanyua. Ndiyo maana kipa amekuona," Balbir akasema. Sauti ilikuwa imemkauka hata yeye mwenyewe hakuitambua.

Katika basi Mohinder alikuwa kwenye simu na binamu yao wa Jalandhar, anasikika mpaka kwa dereva. "Sikiliza, mimi nilijua tangu mtoto ana miaka saba! Nikasema huyu mpelekeni uwanjani! Watu walinipinga humu ndani, nakuambia!"

Paramjit alimgeukia mumewe, mdomo tayari. Balbir akamgusa goti.

"Mwache aseme," akanong'ona, maana ndiyo sauti iliyobaki. Akavuta blanketi la Surjit, akaegemeza kichwa begani kwa wifi yake, na walipofika Surrey, katikati ya njia ya nyumbani, alikuwa anakoroma.