Shanga Juu ya Mrija

Nilimwambia mara moja tu, tena kwa ukali, maana siku hiyo wagonjwa walikuwa wengi na subira yangu kidogo: shanga zitoke shingoni. Nilikuwa muuguzi wa kusafisha damu Lodwar. Yeye alikuwa mama wa Kakuma ambaye figo zake zilikuwa zimekataa kazi, na daktari alikuwa amempitisha mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo hadi karibu na moyo. Kwa mrija huo mashine ilimweka hai. Kwa mrija huohuo, uchafu au hewa ingeweza kumuua. Akazivua.

Aliporudi kutoka nyumbani siku yake ya mashine iliyofuata, rundo zima la shanga lilikuwa juu ya bandeji. Nikafungua kinywa nigombe. Ndipo nikasikia fyuu, fupi, kama mtu anayevuta chai ya moto. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Ikaja tena. Ilitoka shingoni.

Uzi wa shanga ulikuwa umenasa kifuniko cha mrija na kukilegeza. Vidole vilijua kazi yake. Nikaubana mrija, tukamlaza kwa ubavu wa kushoto, kichwa chini, tukampa oksijeni. Alinitazama bila kupepesa macho, muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kisha akavuta pumzi.

"Sista," aliniambia baadaye, "kwetu Waturukana, shanga ya mke ikitoka, watu wanajua bwana amekufa. Huko nyumbani wamemlilia tayari."

Miaka yote hiyo Lodwar, na sikuwahi kuuliza. Niliona aibu.

Nikaagiza mumewe aje. Alifika na basi la asubuhi, mzee mrefu, mkimya. Nikamweleza habari ya mrija, hewa na moyo. Alimvua mkewe shanga yeye mwenyewe, uzi baada ya uzi, mpaka ikabaki shingo tupu ambayo jua halikuizoea. Kisha akatoka, akaketi kwenye benchi la mlangoni.

Adhuhuri ndugu zao wakaja kutoka Kakuma. Walimpita pale mlangoni mmoja mmoja, wakaingia kumshika mama mkono na kumpa pole ya msiba. Hakuna aliyemsalimu mzee. Mmoja aliweka mfuko wake kwenye benchi, ukaligusa goti lake, asigeuke.

Sikuvumilia. Nikatoka, nikasimama mbele ya mzee. "Ejok!" nikamsalimu kwa Kiturukana, kwa sauti ya kusikika wodi nzima.

Aligeuka kwanza kutazama nyuma yake, aone ninamsalimu nani.