Maneno Niliyomwekea Mzee Kiprop Mdomoni

Nimekosa. Nasema hivyo kabla ya maelezo kwa sababu najijua: nikianza na maelezo nitajitetea mpaka mtanionea huruma. Msinionee. Kuna mzee alikufa katikati ya mashamba ya chai hapa kwetu Kericho, na ulimi wangu ndio ulimfikisha huko.

Jina sitatoa. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nina watoto wawili. Baba yangu alitoka huko chini upande wa ziwa akaja kuchuma chai, nikazaliwa kwa laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, na sijawahi kuhama. Shuleni nilikishika Kizungu vizuri. Kwa hivyo kanisani kwetu mgeni akija, mkalimani ni mimi.

Na wacha niseme la moyoni. Mimi nilitaka kuhubiri tangu nikiwa mtoto. Nilikuwa nahubiria miti ya chai, mama yangu akicheka na kikapu mgongoni. Lakini kanisa letu haliruhusu mwanamke kuhubiri. Ataimba, atapika, atafundisha watoto. Mahali pekee ningeweza kusimama pale mbele ni kando ya mwanaume, nikitafsiri. Wakalimani wenzangu mnanielewa. Yule anaongea, lakini anayesikika ni wewe.

Basi wakaja hao wazee wawili, bwana na bibi, wamisionari kutoka ng'ambo. Si vijana wa kupiga gitaa. Watu wa miaka sabini na zaidi, wamestaafu, wana wajukuu, wakaamua watatumika miaka miwili badala ya kukaa kwa kiti wakitazama televisheni. Walifika siku mvua inamwagika mpaka barabara haionekani, na Wakipsigis wa kanisa wakawapa majina papo hapo: Mzee Kiprop na Mama Cherop, majina ya watu waliokuja na mvua.

Walipangiwa nyumba mwisho wa mji, pale ukifungua geti tu unakanyaga chai. Kanisa likanipa kazi ya kuwazoesha. Wueh, tulicheka! Mama Cherop alianika nguo asubuhi akaziacha nje, saa nane mvua ikazilowesha, kesho yake vilevile, mpaka akajifunza kuangalia mawingu ya upande wa msitu. Sokoni hakujua kukataa, tukarudi na avokado za kulisha harusi. Na chai walikunywa bila maziwa, hapa Kericho! Wamama wa kanisa walipowatembelea wakaletewa yale maji mekundu, wakaangaliana tu. Wiki iliyofuata walibeba maziwa yao wenyewe.

Mzee naye alikuwa anasalimia kila mtu wa boda pale stejini. "Chamgei! Chamgei!" Hata yule aliyemsalimia dakika tano zilizopita, anamsalimia upya kwa furaha ileile. Sisi tulisema ni upendo.

Jumapili Mzee alihubiri, mimi kando yake. Mama Cherop saa hiyo alikuwa na watoto kwa kile kibanda cha mabati nyuma ya kanisa. Shikeni hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipopatia nafasi. Hakuwahi kumsikia bwana yake akihubiri hapa kwetu, hata mara moja.

Mwezi wao wa tatu hivi hapa kwetu, Mzee alisimulia hadithi ya gari lake kukwama kwa theluji. Nikatafsiri. Akamaliza, akapumua, akaianza tena tangu mwanzo. Nikamwangalia. Macho yake yalikuwa safi kabisa, mtu anayesimulia jambo jipya. Watu wote wananingoja mimi. Nikafungua mdomo, nikasema mambo yangu kuhusu mwana mpotevu na baba aliyemngoja njiani.

Kanisa likaitika Amina. Jamani, ile Amina! Ilinishuka kifuani kama chai ya moto asubuhi ya baridi.

Kuanzia hapo nikawa mtu mwingine. Jumamosi nikipiga pasi natayarisha mahubiri. Mzee akisema neno moja mimi nasema kumi. Akisimulia theluji, mimi niko Misri na Musa. Akinyamaza katikati akitafuta neno, mimi nazidi kupandisha sauti. Watu wakaanza kuja kutoka mbali, mpaka Sigowet na Kimulot, ati kuna mzee mzungu amejaa roho. Na Mzee maskini akiona watu wanalia, anatabasamu, ananishika bega.

Mtauliza, hakuna aliyejua Kizungu? Vijana wachache, na Mzee aliongea chinichini, kwa pua, mpaka mimi mwenyewe nilikuwa namsogelea. Aliyenishuku ni mmoja tu, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa.

"Dada," aliniambia nje, "leo mzee amesema hayo yote kweli?"

"Mwalimu, nikitafsiri neno kwa neno watu watalala."

"Mimi naona huyu mzee anachoka kichwa. Si tumwambie mama?"

"Haya, nenda umwambie mgeni kwamba bwana yake amechoka kichwa. Utaanzia wapi?"

Akavaa kofia yake akaenda. Sisi huku hatumwambii mtu neno kama hilo juu ya mzee wake, tena mgeni ambaye amekula kwetu. Nilijua heshima ya Mwalimu itamfunga mdomo. Niliitumia nikijua.

Halafu Mama Cherop akaniuliza mwenyewe. Huyu angeniokoa! Tulikuwa kwenye veranda tunakunja shuka, yeye ameshika ncha zake, mimi zangu.

"Nataka uniambie ukweli," alisema. "Nyumbani anasahau. Jana ameniuliza dada yake yuko wapi, na tulimzika zamani. Lakini huyu mtu amehubiri maisha yake yote. Akianza kupotea hata madhabahuni, hapo nitajua ni ugonjwa, nitamrudisha kwa watoto wetu mara moja. Mimi simsikii. Wewe ndiye unasimama naye. Anahubiri vipi?"

Sikufikiria Mzee, wala yeye. Nilifikiria Jumapili. Nikaona watu wamejaa mpaka dirishani, na mimi nimerudishwa jikoni kuosha sufuria.

"Mama," nikasema, "anazidi kuhubiri vizuri. Watu wanaokoka."

Alishusha pumzi, akaachilia shuka, akanikumbatia. "Basi ni uzee tu," akasema. "Asante, mwanangu." Ile shuka ikaanguka sakafuni na tukaikunja upya.

Jumapili iliyofuata Mzee alisimama muda mrefu bila kufungua Biblia. Aliangalia watu. Akaniangalia mimi. Kisha akasema, pole pole, na hiki ndicho alichosema, haki ya Mungu sijaongeza neno:

"Sijui hapa ni wapi. Hawa watu ni akina nani? Nataka kwenda nyumbani. Tafadhali, nisaidieni."

Woi! Nilisikia kila neno. Nilijua ni mtu mzima anayelia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Kanisa lote linaningoja. Na mimi, Mungu anisamehe, nikainua mkono:

"Ndugu zangu! Hapa duniani si kwetu! Sisi ni wapita njia! Mzee anasema, nataka kwenda nyumbani! Nyumbani kwa Baba! Sema na wewe, Bwana nisaidie!"

Walipiga magoti. Mama Nerea, mchuma chai mzee aliyekataa wokovu miaka yote, alikuja mbele akilia. Mzee alirudia yale maneno yake mara tatu, nne, akinivuta mkono wa sweta. Kila alipoyarudia, kanisa liliitika Amina.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, nilikuwa sokoni na Mama Cherop. Tulijikinga mvua ya mawe chini ya turubai la muuza viazi, tukicheka vile mawe yanaruka. Tuliporudi geti lilikuwa wazi.

"Mzee ametoka kitambo," mlinzi akasema. "Alikuwa na Biblia mkononi. Nikajua anaenda kanisa."

Kanisani hakuwa. Mama Cherop alikimbia barabarani na ndala, akiita jina la bwana yake, lile la kwao, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka huoni mtu wa hatua kumi. Kanisa lote likatoka. Ambaye hajazaliwa kwa chai hawezi kujua. Mstari mmoja ni kama mwingine, mlima mmoja ni kama mwingine, hata sisi wenyeji tukikatiza kwa ukungu tunatokea mahali hatukutaka. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Alipatikana asubuhi, chini ya mteremko karibu na mto, amelala ubavu kati ya mistari miwili. Biblia aliiweka ndani ya sweta isilowe. Alikuwa ameshakufa.

Ningebaki na hilo tu, pengine ningejidanganya kwamba wazee hupotea hata kama hakuna mkalimani. Lakini kwenye matanga Mama Nerea alinivuta kando ya jikoni.

"Nyathina," aliniambia, mtoto wangu kwa lugha yetu, na alikuwa anatabasamu na machozi. "Mimi nilimwona. Mawe hayajaanza. Nachuma kule mteremkoni mashine ya kuchuma haifiki, nikaona mzee wetu amesimama katikati ya chai, kofia hana. Akanishika mkono. Akasema yale maneno ya siku nimeokoka."

"Maneno gani, mama?"

Akayasema. Kizungu hajui hata cha salamu, lakini yale aliyashika moja moja siku ile pale mbele, na akayatoa vile vile na ile sauti ya kutetemeka: nataka kwenda nyumbani, tafadhali, nisaidie.

"Nikajua anaomba," alisema Mama Nerea. "Si wewe ulitueleza? Nikafunga macho nikamwitikia Amina. Akarudia, nikaitika tena. Halafu nikasema nisimsumbue mtumishi wa Mungu akiwa na Mungu wake. Nikabeba majani yangu nikaenda kupimisha, mvua ikanilaza huko, habari za kumtafuta nikazisikia kesho yake."

Nilishika ukuta wa jikoni, yeye akadhani ni huzuni, akanipigapiga mgongo.

Nyumba ya Mzee haikuwa mbali. Mama Nerea anapita hapo geti kila siku. Angemshika tu mkono wangekuwa wamefika kabla ya tone la kwanza.

Kabla Mama Cherop hajasafiri na mwili, aliniita tena pale pale kwenye veranda. Alikuwa amekonda ghafla. Akatoa kijitabu. "Niambie alihubiri nini siku za mwisho. Watoto wataniuliza." Huo ndio ulikuwa mlango wangu wa pili wa kusema kweli, na Mungu aliufungua wazi kabisa. Nikamwambia, "Alisema sisi ni wapita njia, hapa si kwetu." Akaniomba nimwandikie kwa Kiswahili, herufi kwa herufi. Nikaandika kwa mwandiko safi, mpaka nukta ya mwisho.

Miezi kadhaa baadaye alinitumia picha kwa simu. Ni kaburi, kwao huko, majani mafupi na theluji pembeni. Jina la Mzee, na chini yake maneno ya Kiswahili, yamechongwa kwa jiwe: SISI NI WAPITA NJIA. Ameandika, "Maneno yake yamefika nyumbani." Maneno yake! Ni yangu. Nimemfuata mtu mpaka kaburini nikamziba mdomo hata huko.

Na mnajua nini? Wazee wa kanisa walikaa wakakubaliana mwanamke anaweza kuhubiri. Wakaanza na mimi, ati nilipakwa mafuta na Mzee Kiprop. Nilipanda siku moja tu. Nilifungua mdomo nikahisi mkono unavuta sweta yangu, hapa kwenye kiwiko. Nikageuka, hakuna mtu. Nikashuka nikasema nina koo. Koo hilo haliponi mpaka leo, na Mwalimu huwa ananiangalia kutoka kiti chake, halafu anaangalia chini.

Mtaniambia nitubu mbele ya kanisa. Nimejaribu, haki nimejaribu! Nimefika mpaka mlangoni nikiwa na maneno tayari. Lakini Mama Nerea anakaa kiti cha mbele. Siku nitakaposema kweli, yeye ndiye atajua alimfungia macho mtu aliyekuwa anauliza njia. Nikinyamaza, mzigo ni wangu. Nikisema, nitamtwika mama wa watu asiye na kosa. Hapo ndipo dhambi yangu imenifunga.

Wewe unayesimama kando ya mtu kumsemea, iwe ni kanisani, hospitalini, hata kwa ofisi ya chifu, nakuomba: sema alichosema. Kama ni kidogo, sema kidogo. Kama ni aibu, sema hiyo aibu. Usimpambe mtu anayelia, kwa sababu siku atalia mbele ya wengine, watamsikia vile wewe uliwafundisha.

Jumapili iliyopita, tukitoka, Mama Nerea alinishika mkono kama kawaida yake. "Nyathina," akasema, "mimi ndiye wa mwisho kumsikia Mzee akiomba. Nitamshukuru Mungu kwa hilo mpaka nife."

Nikamwambia, Amina.