Pampu za Majirani

Mguu ulivunjika kwenye teremko la kwenda sokoni Kikima. Pikipiki iliteleza, dereva akainuka mzima, mimi nikabaki chini. Nikafungwa plasta. Na mishiri yangu, yale maharagwe membamba yanayoliwa Ulaya, ilikuwa inatoa maua na wadudu wamejaa tele. Mishiri ndiyo nyumba yangu inayoitegemea. Isipopuliziwa dawa, basi.

Sikuomba mtu. Huku kwetu Mbooni huombi. Wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, walifika asubuhi na pampu zao mgongoni. Mwenyekiti wetu, mama wa kelele nyingi, akaniita "mama" kwa Kikamba kutoka mlangoni: "Mwaitu, lala! Leo wewe ni bibi harusi!" Dawa ilikuwa yangu, ile iliyoruhusiwa na kampuni inayonunua mishiri yangu. Pampu ndizo zilizokuwa zao. Walimaliza kazi, wakamaliza na sukari yangu yote kwenye chai. Nililia kwa furaha, sifichi.

Mishiri ikachumwa, ikapanda ndege. Huko Ulaya ikapimwa, ikakutwa na dawa ambayo mimi sijawahi kununua. Ikatupwa, na jina langu likasimamishwa kwenye orodha ya wakulima wa kampuni. Afisa wa kampuni alipokuja na kusikia ni akina nani waliopulizia, alishika kichwa. Zile pampu zilikuwa zimetoka kwenye nyanya za kuuza hapa sokoni, na masalio kidogo tu ndani yalitosha kuniharibia.

"Na hiyo dawa ya nyanya inatengenezwa wapi?" nikamuuliza.

Akaangalia viatu vyake. "Huko huko."

Aiya! Wanaitengeneza, wanatuuzia, halafu wakiikuta kwenye chakula chetu wanatukataa! Na hizo nyanya tunakula sisi, hakuna aliyewahi kuja kutupimia sufuria. Redioni nasikia wakubwa wetu na wakubwa wao wakibishana juu ya viwango, mwaka nenda mwaka rudi. Fahali wanapigana, na nyasi iko kitandani na plasta. Jamani, nimechoka hata kukasirika.

Kampuni ilikubali kunirudisha kwa sharti: pampu yangu peke yake, na mtu mwingine asikanyage shamba. Nikakubali. Ningefanya nini? Kazi ilikuwa kuwaambia mwethya. Miaka yote tumeambiana mkono mmoja haulei mwana, leo niwaambie nataka mkono mmoja? Nilimwambia mwenyekiti nje ya kanisa baada ya ibada. Laiti angepiga kelele. Alisema tu, "Sawa, mwaitu," akaenda kutafuta mwavuli wake.

Msimu uliofuata plasta ilikuwa imetoka, lakini mguu bado mzito. Nilijitwika pampu nikaingia shambani. Mara nasikia vicheko. Walikuwa wamekuja, mikono mitupu, wamekaa kwenye njia ya juu, nje ya ua wa shamba.

"Hatuingii!" mwenyekiti akapaza sauti. "Tumekuja kukutazama tu, kwani macho yana dawa?"

Nilicheka, nikaendelea. Ule mteremko ni mkali. Mguu ukakataa, nikaanguka na pampu mgongoni, maji ya dawa yakinimwagikia shingoni. Wote waliinuka, wakakimbia hadi kwenye ua.

"Msiingie!" nikapiga kelele. "Tafadhali, msiingie!"

Na wao, wanawake walionizalisha mtoto wangu wa mwisho, wakasimama pale wameshika fito za ua, hawakuingia.