Gauni la Mama Mdogo Liang

Jina la Mwende alijipa mwenyewe, akiwa mwanafunzi Guangzhou, Uchina. Kwao Machakos alizaliwa akahesabiwa mvulana, akapewa jina la babu yake, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye pasipoti. Yeye alijijua kuwa msichana tangu kabla hajaanza shule. Kwa Kikamba, Mwende ni mtu anayependwa. Rafiki yake alipomuuliza kwa nini alilichagua, alisema kwamba hata asiyempenda atalitamka bila kujua.

Alikuwa amekuja kwa ufadhili kusomea ubunifu wa nguo. Alipomaliza aliajiriwa na kampuni ndogo ya kuwatafutia vitambaa wafanyabiashara wa Kenya katika soko la Zhongda. Jirani na soko, juu ya duka la vifungo, akapanga chumba akaweka vyerehani. Humo, Jumapili mchana, wakaanza kukutana watu wenye maisha kama yake. Wengi walikuwa Wachina, mmoja Mkongomani. Walishona, walichora, wakasimuliana habari za watu wa namna yao walioishi zamani. Kichina cha mdomoni, kama Kiswahili, hakitofautishi yeye wa kike na yeye wa kiume, basi humo chumbani hakuna aliyemkosea mwenzake.

Aliyechimbua habari hizo alikuwa Bertila, msichana wa Bukoba aliyekuwa akisomea historia. Yeye hakuwa mmoja wao. Alikuwa rafiki tu, na alipenda kubishana.

"Dada Mwende," alisema siku moja, "watu wanadai nyinyi mmeletwa na simu za mkononi. Tuwaoneshe kwamba mlikuwapo kabla ya umeme."

"Tuwaoneshe akina nani?"

"Yeyote atakayekuja."

Wakaamua kushona maisha ya mtu mmoja juu ya nguo moja, kisha waiweke hadharani. Mtu huyo alikuwa Liang, mtarizi mzee ambaye wote walimwita Liang Yi, maana yake Mama Mdogo Liang. Ujanani alizunguka vijijini na kikundi cha opera ya Kikantoni akiigiza wanawake. Alijua kupaka uso rangi, kutembea kwa hatua fupi na kulia bila kuharibu rangi hiyo.

"Jukwaani niliitwa mrembo," aliwaambia. "Nikivua gauni naitwa mgonjwa. Na uso ulikuwa huu huu."

Akawafundisha kutarizi kwa nyuzi za hariri zilizochambuliwa hadi zikawa nyembamba kuliko unywele. Gauni likaanza kujaa: kwenye pindo mji wa mtoni alikozaliwa, kiunoni mashua ya kikundi chao, mikononi tausi. Kifuani alikataa waweke kitu. Alisema hajaamua. Mwende alikuwa na furaha miezi ile, ingawa mwenyewe hakuiita hivyo. Aliimba akipiga pasi.

Mwenye mkahawa mmoja wa mtaa wa Haizhu alikubali walitundike kwake. Walipokwisha kupeleka vibanio na taa, akamwita Mwende pembeni.

"Mei banfa," alisema, neno ambalo sokoni husikika kila siku: hakuna la kufanya. Majirani walikuwa wamelalamika. Hakumtazama usoni. Alimmiminia chai, akamsaidia kubeba taa hadi barabarani.

Wakatafuta mahali pengine, wakajibiwa neno lile lile. Katikati ya kutafuta, Liang akaanza kukohoa damu. Hospitali walimlaza wodi ya wanaume. Mwende alipokwenda kumwona alimkuta amegeukia ukutani, shuka limefika masikioni.

"Nivisheni gauni lile nikiondoka," alisema.

"Kifuani bado kutupu, Mama Mdogo."

"Liache hivyo. Hakuna muda wa kuamua tena."

Mwende aliahidi. Baadaye alimwambia Bertila kwamba alijua, hata neno likiwa mdomoni, kuwa ahadi ile haikuwa yake kutoa.

Liang alipofariki, aliyesimamia kila kitu ni mtoto wa mdogo wake wa kiume, mtu mpole aliyevaa shati jeupe. Mwende alimfuata mlangoni pa nyumba ya kuchomea maiti, gauni likiwa limekunjwa mikononi.

"Aliniomba avishwe hili."

Yule bwana aligusa tausi kwa kidole, taratibu. "Kazi nzuri sana," alisema. "Lakini baba yangu mkubwa amekwisha kuvishwa suti. Ukoo mzima umekuja. Tafadhali msiingie ndani."

Hapakuwa na ugomvi. Mwende angeutamani ugomvi. Alisimama nje na wenzake wa Jumapili hadi mlango ukafungwa, kisha wakaondoka kila mtu na njia yake.

Jumapili iliyofuata walikuja wachache. Mkongomani alihamia mji mwingine. Msichana wa Kichina aliyekuwa hodari kuliko wote wa kutarizi alirudishwa na jamaa zake kijijini, wakamkata nywele. Mwenye nyumba akasema anakitaka chumba chake. Mwende aliuza vyerehani. Gauni alilitia kwenye mfuko wa plastiki akalisukuma juu ya kabati.

Kampuni iliyomdhamini apate kibali cha kuishi ilifungwa, akapata nyingine Liuhua, kwenye maghala ya nguo karibu na stesheni ya reli. Bosi wake mpya alimwajiri mwanamume aliye kwenye pasipoti, na akasema wazi kwamba wateja wanataka kuletewa huyo. Mwende alinyoa, akavaa suruali. Akiitwa kwa jina la babu yake, huitika. Kwao hawezi kurudi: mama yake alimwambia aje, ila aje kama alivyoondoka.

Bertila alihitimu akarudi Bukoba, anafundisha. Juzi alimpigia simu.

"Dada, utaanzisha tena?"

"Na nani?"

"Watatokea wengine."

"Watatokea," Mwende alisema. "Na watafukuzwa tena."

Bertila akauliza kama amekula. Mwende alisema amekula. Hakuwa amekula. Nyuma yake bosi alikuwa akiita lile jina la pasipoti, naye akaomba radhi, akakata simu, akaenda kufunga marobota.