Karatasi Saba za Nurdini

Nurdini alipofariki Machi mwaka juzi, alimwachia mkewe vibao vitatu vya mninga vya kuchapia picha na karatasi saba zenye picha moja ile ile isiyokamilika. Kila kibao kilichapa rangi yake: manjano ya ardhi, buluu ya anga, nyeusi ya mistari. Picha inaonyesha uwanja wa nyumba ya wakwe zake, Kwihara, kando ya njia ya zamani ya misafara, na mwanamke akipepeta mpunga. Mwanamke huyo ni Swaumu, mkewe. Kanga yake imebaki nyeupe. Kibao cha nne, cha nyekundu, Nurdini hakuwahi kukichonga.

Swaumu, mwenye miaka hamsini na miwili, hakuwa amewahi kushika patasi. Alitoka kwake Isevya akaenda Ipuli kwa Alois, seremala aliyekuwa akichapa picha na mumewe, akaomba kufundishwa.

"Nikuchongee mimi, shemeji. Siku mbili tu."

"Ingekuwa stuli ningekuachia. Hii naimaliza mwenyewe."

Kwa miezi mitano alichonga mabaki ya mbao. Kibao chake cha kwanza cha nyekundu alikichora bila kuigeuza picha kushoto kulia, na kwenye karatasi ya kwanza kanga ikachapwa upande wa pili, juu ya ukuta wa nyumba.

"Umeuvisha ukuta," Alois alisema.

"Nao ulikuwa uchi."

Cha pili alikichora kwa kufuatisha kibao cheusi cha Nurdini. Septemba alikipaka rangi, akakilazia karatasi, akaisugua kwa mgongo wa kijiko. Nyekundu ikavuka mstari wa bega. Alirudia mara nne kwa ukaidi, kila mara kwa karatasi nyingine. Ikabaki karatasi moja, yenye alama ya buluu ya dole gumba la Nurdini pembeni.

Alois aliipima kwa rula.

"Imesinyaa. Marehemu alichapa masika, karatasi ina unyevu. Wewe unachapa kiangazi. Kibao hakina kosa."

"Nifanyeje?"

"Ifunge kwenye kitambaa kibichi mpaka kesho. Irudi ilivyokuwa mikononi mwake."

Kesho yake Swaumu alisugua polepole, akaibandua karatasi kuanzia pembeni. Kanga ilikaa ndani ya mistari yote. Alois alipiga kofi moja mezani, akataka kumpa mkono.

Swaumu alikuwa bado anaitazama picha.

"Shemeji," alisema, "kwako hapa hakuacha picha nyingine ya nusu?"

Alois alitazama rafu zake, ingawa alijua kilichokuwamo. Akatikisa kichwa.